Kijembe ni kile kile, kimehamia WhatsApp tu

Ukikaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, iwe barabara ya nane au ya kumi na mbili, haipiti jioni bila mzee mmoja kushusha kikombe na kusema simu zimewaharibu watu. Eti zamani hakukuwa na umbea, zamani ndoa zilidumu, zamani mtu na heshima yake. Na wote mnaitikia "kweli kabisa bwana", huku kila mmoja kashika simu yake, na huyo mzee mwenyewe ndo wa kwanza kuuliza nani anayo ile video ya juzi amtumie. Mimi huwa nanyamaza kwa adabu, ila moyoni nacheka, maana nimelelewa na wanawake wa Tanga, na mtu aliyelelewa na wanawake wa Tanga humdanganyi kwamba umbea umeletwa na bando.

Kabla ya stetasi kulikuwa na kanga.

Shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na kabati la kanga ambalo halikupangwa kwa rangi, lilipangwa kwa maneno. Za kheri upande wa kulia, zile za "Mama nipe radhi" na "Wema hauozi", alafu upande wa kushoto silaha. Akialikwa maulidi au arusi swali lake la kwanza sio saa ngapi wala wapi, ni nani atakuwepo, akishajibiwa ndo anafungua kabati. Sasa kuna jirani mmoja alimtangaza mtaani kwamba anadaiwa dukani mpaka muuza duka anamkimbia. Shangazi hakutukana, hakwenda kuuliza, hakulalamika kwa mtu. Alikwenda mjini kwa Muhindi, akakaa kwenye kigoda, akamwambia kijana wa dukani hebu nisomee, nisomee, hiyo hapana, nisomee nyingine, mpaka alipofika kwenye "Ulimi uliponza kichwa" akasema nikatie hiyo. Doti nzima. Kesho yake akajifunga moja akajitanda nyingine, akapita barazani kwa jirani taratibu anakwenda kununua chumvi, na chumvi nyumbani ilikuwepo kopo zima, mimi mwenyewe niliiona.

Yule jirani akasoma. Jioni akaja juu, "Mama fulani, hiyo kanga yako unamwambia nani?" Na hapa ndo nilijifunza kitu ambacho shule hawafundishi. Shangazi akaishika pindo, akaiangalia kama ndo anaiona leo, akasema, "Hii? Nimeletewa zawadi mwanangu, mimi kusoma kwenyewe herufi za kizungu sijui. Kwani imeandikwaje? Hebu nisomee." Yaani jirani akalazimika kusimama pale uani kwetu, mbele ya watu, ajisomee mwenyewe kijembe chake kwa sauti. Alisoma nusu akaondoka.

Na kweli shangazi hakujua kusoma hizo herufi, alisoma chuoni, Kiarabu alikuwa anakisoma vizuri tu. Ambayo ina historia yake, kwa sababu kanga zilipoanza kuwekwa maneno, mwanzoni maneno hayo yaliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hizi za kizungu zilikuja baadaye. Kule Mombasa kuna mfanyabiashara, Kaderdina Hajee Essak, duka lake linahesabiwa toka mwaka 1887 na chapa yake "Mali ya Abdulla" mpaka leo ukiikuta kwenye kabati la bibi yako usiitupe. Herufi zilibadilika, watengenezaji walibadilika, vitambaa vikatoka Uingereza, India, Japani, vikaja viwanda vyetu vya hapa hapa, na muda wote huo yule mwanamke anayenunua anauliza swali lile lile: imeandikwaje?

Sasa njoo kwa binti wa huyo huyo shangazi, binamu yangu, ambaye ana smatifoni na ana ugomvi na wifi yake. Siku moja akaweka stetasi, picha ya waridi jeusi na maneno "Tukinyamaza sio kwamba hatujui". Wifi akaiona, akawaka, akajua ukoo mzima umeshaona na umeshaelewa, akakimbilia kwa mama yake, ambaye ndo mama mkwe wa binamu yangu, na simu yake mkononi, mama umeona mkweo anavyonidhalilisha? Mama anafungua simu yake, hamna kitu. Anaitwa kaka, anafungua, hamna kitu. Anaitwa mpaka mtoto wa darasa la sita ambaye ndo fundi wa simu wa nyumba nzima, hamna kitu. Kumbe binamu yangu kaiweka ile stetasi ionekane na mtu mmoja tu duniani, wifi peke yake, maana WhatsApp inaruhusu uchague nani aone. Mtu anapigwa katikati ya uwanja na hakuna aliyeona mkono. Na wifi alivyobaki pale anaapa "wallahi ilikuwepo, wallahi nimeiona", watu wakaanza kumuangalia vingine. Binamu naye katulia tu, "Wifi una homa?"

Shangazi angekuwa hai angelia wivu. Yeye kanga yake ilisomwa na mtaa wote, hii ya kisasa inasomwa na mlengwa tu. Lakini niambie hapo kipi ni kipya? Ufundi wote ni ule ule wa kusema na mtu bila kumtaja, na kuacha mlango wa kutokea wazi, ukibanwa unasema sikukusudia wewe, likikugusa basi ujue mwenyewe. Huo mlango wa kutokea ndo uswahili wenyewe. Kumwambia mtu "wewe ni mfitini" usoni ni utovu wa adabu, kumpitishia kanga ni sanaa, na hao wanaopiga kelele kwamba vijana wa siku hizi wanarushiana vijembe mtandaoni, mama zao wananishangaza sana kwa sababu makabati nayafahamu.

Alafu kuna habari ya tiki za bluu. Novemba 2014 WhatsApp walileta zile tiki mbili zinazogeuka bluu ukishasoma ujumbe, na wao huko Marekani walidhani wamewafanyia watu hisani. Wallahi walivunja kitu. Kwa sababu maisha yetu yote yalikuwa yanakwenda kwa kuruhusiana kidogo kutokujua. Mtu aliandikiwa barua na nduguye yuko Pangani anaomba hela, hana, alikuwa anakaa kimya, wakikutana anasema "barua yako mbona haikunifika, hawa posta hawa", na yule ndugu anajua kabisa ilifika na anaitikia "posta wabaya kweli", wanakula pamoja, udugu unaendelea. Posta ilikuwa inabeba lawama za ukoo mzima na haikujua. Sasa tiki ya bluu ikaja kusema hapana, amesoma, amesoma saa tatu na dakika kumi na nne usiku na bado hajajibu.

Watu wakafanya nini? Haikupita muda kelele zikawa nyingi, kitufe cha kuzima kikaletwa, na wasiojua kitufe wakabuni yao, unasoma juu juu kwenye taarifa zinavyoingia bila kufungua, au unazima data ndo unafungua, unasoma, unafunga, unawasha tena kama hakijatokea kitu. Na ukizima tiki hizo kuna gharama, wewe nawe huoni nani amesoma zako, wala huoni nani ameangalia stetasi yako, ni kama lile pazia la mlango wa mbele, ukilishusha wapita njia hawakuoni na wewe kisa cha mtaani kimekupita. Nawajua watu wanalishusha asubuhi na kulipandisha jioni. Na posta imepata wenzake wa kubeba lawama: chaji iliisha, bando lilikata, mtandao unasumbua Tanga nzima. Tanga nzima! Na wewe uko Chumbageni unaangalia mpira bila kukwama.

Kitu kimoja nakubali kimebadilika na sitaki kujifanya hakipo, skrinshoti. Kanga ukiikunja ukairudisha kabatini maneno yamelala, baada ya mwaka ugomvi umeisha kanga inafungiwa mtoto mgongoni na hakuna anayeikumbuka ilikusudiwa nani. Skrinshoti hailali. Nimeona watu wamepatana, wamelia, wameombana radhi mbele ya wazee, na miaka inapita mtu anafukua kitu cha 2017 na tarehe yake juu. Hili ni jambo kubwa na sioni mtaani kwetu kama tumelipatia dawa bado, ila hata hapo, barua za mapenzi zilizofichwa chini ya godoro zilikuwa zinakutwa, na zilifanya kazi ile ile.

Na sio kila kinachobaki ni shari. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapo hapo nje ya mji wetu, barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 mpaka 1958 zilitunzwa, zikaja kuchapishwa, leo mtu anaweza kukaa akazisoma. Miaka ishirini na saba ya kaka na ndugu wanaandikiana! Mimi kaka yangu ananitumia voisi za dakika sita na nusu yake ni upepo wa pikipiki, nikibadilisha simu zinakwenda na maji, na sina hakika kama ni hasara.

Kubipu je? Vijana hawakuwahi kukujua, mnachukulia simu kama hewa. Zile simu za tochi zilipoenea, miaka ile ya elfu mbili na kitu, vocha ilikuwa mali, kwa hiyo tukajenga lugha nzima bila kusema neno. Bipu moja nimefika salama, mbili nipigie wewe, tatu mfululizo toka nje niko kona. Ikatokea mtu kapokea kabla hujakata, ugomvi, umenila hela yangu! Hiyo lugha hakuna kampuni iliyoitunga wala tangazo lililotufundisha, kila nyumba ilitunga ya kwake.

Salamu za redio nitazipitia haraka, waliokuwepo wanazijua. Unanunua kadi, unaandika jina lako kwa kirefu na lakabu juu yake, sanduku la posta, unaorodhesha watu unaowasalimia, alafu unakaa na redio sikioni kusubiri sio kumsikia unayemsalimia, ni kulisikia jina lako. Tusidanganyane. Waliosalimiwa wengine walikuwa wanakaa nyumba ya pili. Televisheni nayo, Tanzania Bara tuliipata 1994, na nyumba moja ikiwa nayo mtaa mzima unahamia dirishani kwake, mwenye nyumba analalamika watoto wanamchafulia ukuta, lakini televisheni kaigeuzia dirishani.

Ila kisa ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Umeshapata ujumbe wa Sheikh Ahmad? Mtunza kaburi la Mtume kule Madina, ameota ndoto, ameambiwa watu wameacha dini na kiama kimekaribia, na ukipata ujumbe huu usambaze, atakayesambaza atapata kheri na atakayepuuza yatamkuta. Kila Ramadhani unaingia kwenye grupu la ukoo, kila mwaka kuna shangazi anaupeleka, na kila mwaka kuna kijana msomi anajibu kwa ukali kwamba shangazi haya ni ya mitandao, watu wa mitandao wanawadanganya.

Sasa mwambieni huyo kijana. Mwaka 1908, nchi hii ikiwa ya Mjerumani, vita vya Maji Maji vimeisha mwaka mmoja tu nyuma, barua ya mtindo huo huo ilitembea pwani yetu, Lindi ndo ikapamba moto. Inasemekana imetoka kwa Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume, Madina, kaota ndoto. Wanahistoria wanaziita barua za Makka. Ilinakiliwa kwa mkono, ikapelekwa mji kwa mji, na maofisa wa Kijerumani wakapata kiwewe wakidhani uasi mwingine unakuja. Hakukuwa na WhatsApp, hakukuwa na umeme wa maana, kulikuwa na kalamu ya mwanzi, wino na mtu anayeogopa kuwa yeye ndo aliyekata mnyororo. Yaani fikiria, mtu anakaa chini na taa ya mafuta anakopi ukurasa mzima, sio kubonyeza kidole, anakopi, alafu anatafuta msafiri wa kumpa.

WhatsApp wenyewe walijaribu kuzuia mambo haya, mwaka 2019 wakaweka kikomo duniani kote kwamba ujumbe mmoja huwezi kuusambaza kwa zaidi ya sehemu tano kwa mpigo, mwaka uliofuata ule uliokwisha kusambazwa sana ukapelekwa sehemu moja moja. Nilimuuliza shangazi wa pili (huyu yupo hai, na grupu la ukoo yeye ndo admini) sasa mnafanyaje? Akanionyesha. Anashikilia kidole, anakopi, anakwenda kwa mtu mwingine, anapesti. Mmoja mmoja, jioni nzima, miwani imeshuka puani. Nikamwambia shangazi hii barua ina zaidi ya miaka mia na kiama bado, akaniambia, "Sasa wewe unataka nikate mimi?"

Ule utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani" nao watu wanausema kana kwamba umezaliwa na M-Pesa. M-Pesa imekuja Tanzania 2008, sawa, ila mimi mtoto nakumbuka mchana baba wa jirani yuko kazini, anakuja kijana nadhifu, shati jeupe, anapiga hodi vizuri, "Shikamoo mama, nimetumwa na mzee, amesema nije nichukue ile redio nipeleke kwa fundi". Na mama anaitoa. Yule kijana mzee hamjui, jina lake hajui, anachojua ni kwamba hakuna nyumba isiyo na redio inayokoroma na hakuna mume asiyeahidi kuipeleka kwa fundi. Hawa wa meseji ndo hesabu yao hiyo hiyo, wanatupa kwa watu wengi tu, na kati ya hao lazima yupo mmoja ambaye dakika hiyo kweli kuna mtu anamdai na kweli alikuwa anataka kutuma. Huyo ndo wake. Ikaja serikali ikasema laini zisajiliwe kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, zoezi likaanza 2019, Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, tukapanga foleni, tukabonyeza vidole. Na meseji ya ile hela mpaka leo inakuja, sasa hivi mpaka inakusalimia kwanza. Dawa yake ni simu moja tu, mpigie huyo anayekudai umuulize, na watu hawapigi kwa sababu wanaona haya kuulizana habari ya deni. Aibu ndo inayowaponza, sio simu.

Nikimaliza na magrupu ya michango ya arusi nitakuwa nimesema yote niliyonayo. Zamani kamati ilikuwa inapita nyumba kwa nyumba na daftari, mwenyekiti, mweka hazina na mama mmoja mwenye maneno matamu ambaye ndo silaha. Ukiwaona wanakata kona unamwambia mkeo sema sipo, nimekwenda Korogwe, alafu unatokea mlango wa uani. Mkeo anawaambia amekwenda Korogwe na viatu vyako viko mlangoni, wao wanaviona, wanasema haya akirudi mwambie tunamsalimia. Heshima imehifadhiwa.

Sasa hivi unaungwa kwenye grupu usiku umelala. Asubuhi unakuta orodha, majina na namba, jina, ahadi, alicholipa, tiki ya kijani. Kila anayelipa orodha inapestiwa upya yote toka mwanzo, kwa hiyo jina lako lisilo na tiki linapita mbele ya ukoo mara nyingi kwa siku, chini yake mtu kaandika "tunamshukuru sana mjomba kwa laki mbili, mfano wa kuigwa". Ahadi za kwenye grupu huwa kubwa kuliko za kwenye daftari, hilo nimeliona kwa macho yangu, mtu asiyekuwa na elfu ishirini anaandika laki moja kwa sababu shemeji yake kaandika elfu themanini hapo juu.

Arusi ya mpwa wangu miaka kadhaa nyuma, enzi zile mtu akiondoka grupu zima linatangaziwa, tulikuwa na bwana mmoja wa upande wa baba, aliahidi laki moja na nusu siku ya kwanza, kwa herufi kubwa, na mashangazi wakampigia vigelegele vya emoji. Wiki zikapita hana tiki. Mweka hazina akawa anaandika kwa upole, "wajumbe, tukumbuke ahadi zetu", bila kutaja mtu. Akaongeza, "wengine tulianza kwa mbio jamani". Usiku mmoja saa saba tukaona maandishi yale madogo ya kijivu, fulani ameondoka. Kimya kikatanda, hakuna aliyeandika kitu mpaka alfajiri, alafu mama mmoja akaandika tu "Korogwe". Grupu zima likacheka mpaka adhuhuri.

Siku ya arusi alikuwepo, kavaa sare, meza ya mbele kabisa karibu na pilau. Keshoyake asubuhi akampigia admini, anaomba aungwe tena kwenye grupu, anataka picha.